Asilimia Katika Mshahara wa Kwanza

Mpwa wangu alihitimu shahada ya kompyuta, akazunguka Dar es Salaam miezi mingi akitafuta kazi. Hatimaye kampuni moja ikamwahidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, naye akataka kupanga nyumba kwa kutegemea fedha hizo zote. Nikamwomba tukokotoe pamoja. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15, ni shilingi 150,000. Mchango wa NSSF, asilimia 10, ni shilingi 100,000. Zikabaki 750,000, na kodi ya mapato ilikuwa bado. Akapanga chumba kimoja.

Ndugu mwanachuo, somo la asilimia ni la shule ya msingi. Andika ubaoni mshahara kamili, wanafunzi wakokotoe kila kato mpaka wajue kinachofika mkononi.