Kuku ya Manika



Siku ya posho, mimi na rafiki yangu tuliingia katika resto moja ya Manika kula kuku ya kukaanga. Tulikuwa tumechanga franka majuma matatu. Mama mpishi aliitia kuku ndani ya mafuta ya moto mara mbili: kwanza iive ndani, kisha ngozi ikauke. Wakorea nao hufanya vile. Ukiuma, inalia kama majani makavu! Nilikula mbiombio, na bukari na pilipili.

Nikaona rafiki amekula bawa tu. Paja amelifunga katika karatasi.

Nikamwambia: «Kula, ndugu, inapola!»

Akajibu polepole: «Hii ni ya mudogo yangu. Tangu baba aumie ku shimo, ku nyumba hatuoni nyama.»

Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti, na baba wengi wanachimba. Lakini tunakaa benchi moja miaka miwili, nami sikujua. Kwenye sahani yangu ilibaki mifupa. Nikaona haya.

Sasa, saa ya mapumziko, simuulizi kitu. Ninakata mkate wangu katikati.

Na wewe, unamjua mwenzako wa benchi?