Shimo Lisiloitika: Bao Katika Simu

Ufuoni Shelly Beach, Likoni, kijana acheza bao katika simu. Mchezo wamfurahisha: mashimo 32, kete 64, namua hadi mtaji, yote yamo. Ila shimo moja amekwisha kuligusa mara tatu, wala haliitiki. Programu haisemi neno.

Limetakasiwa. Katika mtaji, mchezaji asiyeweza kula hutakata. Na iwapo baada ya hapo shimo moja tu la mpinzani ndilo lililo hatarini, naye mpinzani hana la kula, basi, kwa vighairi vichache kama vile nyumba isiyovunjwa, haruhusiwi kuzisogeza kete za shimo hilo. Hungoja kuliwa. Kanuni hii ni kali, pengine ya kuudhi, lakini ndiyo iupayo utakataji makali yake.

Ila, basi, si ya bao. Barazani kanuni huja na sauti: mpinzani hutangaza, watazamaji hubisha, mgeni huelezwa (na huchekwa). Waundaji wa programu wameitwaa sheria wakaiacha sauti, mithili ya mhariri achapaye utenzi pasi na kutaja mahadhi yake. Maneno mawili kiooni yangetosha: shimo limetakasiwa.