Onyo Ulilolizima



Wengi mnanijua madhabahuni. Wachache mnajua kwamba tovuti ya kanisa letu niliiandika mimi mwenyewe mwaka 2011, kwa lugha ya PHP, usiku watoto wakiwa wamelala. Ilifungua hifadhidata kwa amri iitwayo mysql_connect. Siku hizo wengi tuliitumia.

Mwaka 2013 likaja toleo la PHP 5.5, na onyo likaanza kutokea: amri hii itaondolewa. Unajua nilifanya nini? Niliweka alama ya @ mbele yake. Alama hiyo hairekebishi chochote. Inazima onyo tu. Ukurasa ukawa safi, nikasema Mungu ni mwema.

Kijana mmoja wa mitambo akaniambia, "Pasta, hii itatuangusha. Tuhamie PDO." Nikamjibu, "Inafanya kazi, iache." Ukweli ni kwamba niliona haya kusahihishwa na mtu niliyembatiza.

Desemba 2015 ikatoka PHP 7, na amri hiyo ikaondolewa kabisa. Seva yetu ilibaki kwenye toleo la zamani miaka kadhaa, nami nikajiona mjanja. Kisha usiku mmoja seva ikapandishwa toleo. Asubuhi, ukurasa mweupe. Na hiyo ndiyo wiki tuliyokuwa tukichangia bili ya hospitali ya mama mmoja wa kanisa. Watu walitafuta nambari ya mchango, wasiione.

Nilimpigia yule kijana. Hakunicheka. Tulikaa hadi saa tisa usiku tukipitia faili 43, moja baada ya nyingine. Hakuna jina lililopotea. Taarifa zote zilikuwamo. Mlango wa kuzifikia ndio uliokuwa umeondolewa.

Mpendwa, wewe @ yako umeiweka wapi? Daktari amekutajia presha, nawe umeificha kadi chini ya godoro? Mke wako anasema hamzungumzi tena, nawe unaongeza sauti ya runinga? Kimya si uponyaji. Kati ya onyo na kuondolewa nilipewa zaidi ya miaka miwili. Hiyo ilikuwa neema, nami niliiona kama usumbufu.

Leo mpigie aliyekuonya. Mwambie, "Ulisema kweli. Nisaidie." Mimi nilimwambia wangu Jumapili, mbele ya kanisa zima.

Bwana, utupe masikio kabla ya ukurasa kuwa mweupe. Amina.