Jua la Mji Mkongwe na Picha za Ukutani

Ndugu msomaji, ukishuka botini bandarini Malindi, Unguja, usifanye haraka kupanda gari. Ifuate kwa miguu barabara ya pwani hadi Forodhani. Utalipita jengo la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mbele kidogo, Shangani, utaikuta studio ya Capital Art, iliyoanzishwa mwaka 1930 na mpiga picha Ranchhod Oza. Humo mna picha nyeusi na nyeupe za majahazi, sherehe na watu wa zamani. Nyingine zina umri wa mzee mwenye wajukuu, na bado utahesabu vifungo vya kanzu.

Kutoka hapo nilirudi Malindi kumwamkia shangazi yangu. Sebuleni kwake, mkabala na dirisha la baharini, zilitundikwa picha mbili za harusi. Yake, ya mwaka 1967, nyeusi na nyeupe, ilikuwa safi. Ya binti yake, iliyochapwa kwa printa ya wino miaka minne tu iliyopita, ilikuwa imechujuka; hata hina ya mikononi haikuonekana tena.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi na marehemu mume wangu bado tumo ukutani. Huyu niliyemwozesha juzi ndiye anayetoweka."

Binti huyo sasa yuko Maskati, na simu iliyohifadhi picha hiyo ilipotea. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Ndipo nilipofanya jaribio ambalo nawe waweza kulifanya nyumbani. Mwezi Desemba nilichapisha picha moja ya bandari mara tatu: kwenye karatasi ya kawaida ya ofisi, kwenye karatasi rahisi ya kung'aa, na kwenye karatasi nzito isiyong'aa, hii ya mwisho kwa wino wa chembechembe. Kila picha niliikata vipande viwili: kimoja dirishani, kimoja ndani ya bahasha katika mtoto wa meza. Kipande cha ziada cha karatasi ya kung'aa nilikifunika kwa kioo.

Kaskazi ikapita, masika ikapita. Niliporudi Julai, wakati wa kusi, shangazi alikwisha kuvipanga vipande mezani. Karatasi ya ofisi ilikuwa imejikunja na kupauka. Ya kung'aa, iliyokuwa wazi, ilipoteza wekundu wake. Ile ya nyuma ya kioo ilikuwa na nafuu. Ya wino wa chembechembe ilishindwa kutofautishwa na ya bahashani.

Sababu si uchawi. Picha za kale zimeundwa kwa chembe za madini ya fedha. Wino mwepesi wa printa hukaa karibu na uso wa karatasi, na mwanga huuvunja. Karatasi zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno vinavyopitisha hewa, na gesi ya ozoni huushambulia wino humo. Mwaka 2000, nchini Marekani, wateja walilalamika kwamba picha zao ziligeuka rangi ya chungwa katika muda wa wiki chache. Kisa kilikuwa hicho hicho.

Kwa hiyo, msomaji, unapochapisha picha ya harusi au ya mzazi, usiulize bei tu. Uliza aina ya wino na karatasi. Itie kwenye fremu yenye kioo, itundike ukuta usiopigwa na jua, na nakala nyingine uiweke gizani, pakavu.

Shangazi alikataa kwanza kuishusha picha ya binti yake, kwani kila asubuhi humsalimu. Tulikubaliana: niliipiga picha ile iliyobakia, nikaichapisha kwa wino imara, nikaitundika ukumbini. Hina haikurudi. Lakini uso upo, na ile ya asili imelala bahashani, pasipo jua.