Kikombe kinatengwa, wembe unazunguka

Najua bumu limechelewa na UE zinanukia, ila leo mnivumilie kidogo maana kuna kitu kinanikera hapa bwenini.

Kuna dada kwenye korido yetu kaanza kutengwa. Kisa? Mtu kaona vidonge mezani kwake, akajumlisha mwenyewe, jioni korido nzima inasema ana virusi vya UKIMWI. Sasa kikombe chake hakiguswi, na akitoka chooni wenzake wanangoja kwanza "kupoe". Jamani, wasomi hawa!

Haya, twende taratibu kama darasani. VVU nje ya mwili ni mnyonge kweli. Anahitaji chembe hai za mwili ili aongezeke, na majimaji yakikauka nguvu zake zinaisha haraka. Haambukizi kwa kikombe, kiti cha choo, kushikana mikono wala kula sahani moja. Na mwenye VVU anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi hata mpenzi wake kwa kujamiiana.

Sasa cheki kioja. Hao hao wanaokwepa kikombe, wembe wao mmoja wa kunyolea unazunguka vyumba vitatu! Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza, hata kwenye tone la damu kavu ambalo macho hayalioni. Hapo ndipo pa kuogopa, tena chanjo yake ipo.

Vijidudu havifanani. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwenye konokono vina kama siku 1 hadi 2 tu majini kupata ngozi ya mtu, la sivyo vinakufa. Ndiyo maana maji ya ziwa yakitunzwa kwenye tangi siku 2, bila konokono, hatari hiyo ya kuogea inapungua sana.

Halafu kuna wababe. Mayai ya minyoo ile mirefu ya mviringo yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo hiyo, yanapevuka kwanza udongoni kwa wiki 2 hadi 4. Ganda lao ni gumu, na penye unyevu na kivuli yanaweza kudumu miaka. Kachumbari isiyooshwa vizuri, mikono ya mtoto aliyecheza chini, yamefika tumboni. Na kimeta ndiyo usiseme: mwaka 1942 Waingereza walikijaribu kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, na kisiwa kilitangazwa salama mwaka 1990. Hesabu mwenyewe, miaka 48!

Kwa hiyo ugonjwa kuwa na jina la kutisha hakumaanishi kijidudu chake ni kigumu kufa. Sisi ni walimu watarajiwa. Tukienda BTP tutakuta mtoto anayekunywa dawa, na darasa zima litatuangalia sisi kujua likae naye vipi. Tukimsogeza kiti pembeni, tumeshafundisha somo baya kuliko la ubaoni.

Ushauri wangu ni mfupi: kila mtu na wembe wake, sabuni kabla ya kula na baada ya choo, na huyo dada akipika chai, kaeni mnywe naye. Mie nimekunywa jana, sukari tu ndiyo ilizidi.

Haya, narudi kwenye notsi. Tuombeane na hizo UE!