Maji ya Sumbawanga Hayachemki kwa Nyuzi 100

Mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Tatu nilisema uongo kwa kalamu. Sikumwibia mtu wala sikupigana na mtu; niliandika namba mbili tu katika daftari langu la Kemia. Lakini namba hizo zilimtia mwenzangu aibu mbele ya darasa zima. Katika kulisahihisha kosa hilo nalijifunza jambo ambalo naona si vema nikae nalo peke yangu.

Wote mnaoishi hapa mnaijua baridi ya mwezi wa Julai. Mji wetu wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi utokao milima ya Mbizi haumwulizi mtu kama ana sweta. Siku hiyo mkondo wetu uliingia maabara saa mbili asubuhi, na mkondo wa pili ulipangiwa kuingia saa nane mchana.

Jaribio lenyewe kila mwanafunzi wa Kemia analijua. Unachora alama ya X kwa wino juu ya karatasi, unaweka bikari juu yake, unamimina maji ya thaiosalfeti ya sodiamu, kisha unatia asidi ya hidrokloriki na kuanza kuhesabu sekunde. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa chembe ndogo mno za salfa. Maji yaliyokuwa safi huanza kuwa na ukungu, kisha hugeuka kama tui la nazi, mpaka ile X isionekane tena. Muda huo ndio unaokuonyesha mwendo wa mmenyuko, yaani jinsi vitu hivyo vinavyogeuka upesi au polepole.

Mimi nilishika saa, mwenzangu akapima asidi. X yetu ilitoweka baada ya sekunde 92. Baadaye tukachemsha maji kwa ajili ya sehemu ya pili ya jaribio, nasi tukatakiwa kuandika kipimajoto kinasoma nini maji yanapotokota. Kilisoma nyuzi 94. Tuliandika namba hizo zote mbili, tukaosha vyombo, tukatoka.

Usiku, wakati wa kujisomea, nilichungulia madaftari ya wale wa mkondo wa pili. Karibu wote walikuwa na sekunde 57. Moyo ukanidunda. Nilijisemea, “Hapana shaka mwenzangu alikosea kupima asidi.” Basi nikafuta 92, nikaandika 57. Kisha nikakumbuka kwamba kitabu chasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Nikafuta na ile 94, nikaandika 100. Daftari langu likapendeza sana. Nilikwenda kulala kama mtu aliyefanya kazi njema.

Kesho yake mwalimu wetu alisimama mbele ya darasa akiwa na madaftari mawili mkononi. Akauliza, “Hawa wawili walifanya kazi meza moja, bikari moja, saa moja. Imekuwaje mmoja aandike 92 na mwingine 57?”

Nikasimama upesi. “Mwalimu, mwenzangu ndiye aliyepima asidi. Nadhani alikosea.”

Darasa likacheka. Nanyi mjue kwamba mwenzangu huyo ndiye aliyekuwa amechaguliwa muhula huo kuwa mtunzaji wa vyombo vya maabara. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, “Kumbe tumempa fisi bucha!” Mwenzangu hakujibu neno. Aliinamisha kichwa akawa anaitazama meza.

Mwalimu akangoja kicheko kiishe, kisha akaniuliza kwa upole, “Na maji yako yalichemka kwa nyuzi 100?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Hapa hapa Sumbawanga?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Akageuka, akaandika ubaoni: MAJI YA SUMBAWANGA HAYACHEMKI KWA NYUZI 100. Akatueleza kwamba maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Pwani, kama Dar es Salaam, hewa yote iko juu yako, na maji hungoja mpaka karibu nyuzi 100. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa unaiacha chini, na kila meta 300 hivi unazopanda hupunguza karibu uzi mmoja. Sisi tuliopanda meta 1,800 twapungukiwa na nyuzi sita. “Aliyeandika 94,” akasema, “alitazama kipimajoto. Aliyeandika 100 alitazama kitabu.”

Ndugu zangu, sijapata kuona darasa likinyamaza namna ile. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu, “Mwombe radhi mwenzako. Kisha mrudi maabara nyote wawili, mnionyeshe kwa nini 92 na 57 zote mbili ni kweli.”

Jioni nilimfuata mwenzangu bwenini, nikamwomba radhi. Akanitazama kitambo, akasema, “Kukosea kungalinisumbua kidogo tu, bwana. Kilichoniuma ni kwamba ulijua tulichokiona, ukakifuta.” Maneno hayo ninayo mpaka leo. Hata hivyo alinipa mkono, na Jumamosi tukaanza kazi.

Jambo la kwanza tulilogundua lilikuwa jepesi mno: saa mbili asubuhi ile maabara ilikuwa na nyuzi 15, na saa nane mchana ilikuwa na nyuzi 22. Nyuzi saba tu! Lakini wataalamu wa Kemia wamejua tangu zamani kwamba mimenyuko mingi huongeza mwendo karibu mara mbili kwa kila nyuzi kumi za joto. Msweden Svante Arrhenius alilieleza jambo hilo mwaka 1889: ili chembe zigeuke hazina budi kugongana kwa nguvu ya kutosha, na joto likizidi kidogo tu, idadi ya zile zenye nguvu hiyo huzidi sana. Basi nyuzi saba zilitosha kabisa kugeuza 57 kuwa 92. Mkono wa mwenzangu haukuwa na kosa lolote.

Hapo nikakumbuka ugomvi wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu ameolewa Muze, chini katika bonde la Ziwa Rukwa, karibu meta 1,000 chini yetu. Kila akija kututembelea hulalamika kwamba maharage ya huku juu ni makaidi, hayaivi. Bibi naye hujibu kwamba maharage hayana kosa, bali wa bondeni hawana subira. Kumbe wote wawili wasema kweli! Maji ya Muze huchemka kwa nyuzi 97 hivi, na ya kwetu kwa 94. Na kuiva kwa maharage nako ni mmenyuko. Nyuzi tatu hizo huzila kuni zetu kila siku.

Basi tukaamua kuujua mmenyuko wetu vizuri zaidi. Tuliweka bikari ndani ya maji ya vuguvugu mpaka ikafika nyuzi 25; X ikatoweka kwa sekunde 46. Hicho tukakifanya kuwa kipimo chetu cha kulinganishia. Kisha tukabadili jambo moja tu kila mara, mengine yote tukayaacha kama yalivyokuwa. Tulipoirudisha baridi ya nyuzi 15, ilikuwa 92. Tulipozimua thaiosalfeti ikawa nusu ya ukali wake, ilikuwa 90. Tulipozimua asidi vile vile, ilikuwa 50 tu. Tulipoendelea kukoroga, 45. Tulipohamia pembe yenye giza, 43. Na tulipomimina nusu tu ya mchanganyiko ule ule katika bikari ile ile, ilikuwa 75.

Tulimpelekea mwalimu orodha hiyo. Akaisoma, akasema, “Namba zenu ni nzuri, lakini zimepanga foleni kama watu wa stendi. Nani atajua mkubwa ni yupi?” Akatusimulia kwamba hata wataalamu wakubwa wana shida hiyo. Mtu wa nchi moja huchapisha jinsi ya kutengeneza dawa fulani, na mtu wa nchi nyingine akifuata maneno hayo hapati kitu, kwa sababu ya unyevu, au hewa, au joto ambalo hakuna aliyeliandika. Ndipo mwaka 2019 Frank Glorius na wenzake wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walipopendekeza njia ya kulionyesha jambo hilo kwa picha. Wao hubadili hali moja moja: ukali wa mchanganyiko, maji, oksijeni, joto, mwanga na ukubwa wa kazi. Kisha huchora matokeo katika umbo la utando wa buibui, ili mtu atazame mara moja na kujua hali ipi yahitaji ulinzi.

Nasi tukachora wetu kwenye karatasi ya manila. Katikati tuliweka kitovu, tukatoa mistari sita kama mapaja ya mwavuli, kila mstari hali moja. Tukazungusha mviringo wa sekunde 46. Muda ukizidi, nukta ilikaa nje ya mviringo. Ukipungua, ilikaa ndani. Tulipounganisha nukta zote tulipata utando uliovutwa pande tatu kama ng'ombe watatu wanaogombea kamba. Joto lilikwenda mbali, thaiosalfeti ikalifuata, na kina cha maji kikawa cha tatu. Asidi, kukoroga na giza vilibaki karibu na mviringo, kama wazee waliokaa barazani. Na yule mwenzangu niliyemshtaki kwa sababu ya asidi! Picha ilionyesha kwamba hata angaliipunguza asidi mpaka nusu, tungalipata sekunde nne tu za ziada. Shtaka langu lilikuwa halina mguu wa kusimamia.

Ule mstari wa kina cha maji ulitufundisha jambo la pekee. Mmenyuko haukubadilika hata kidogo. Chembe za salfa zilitokea kwa mwendo ule ule. Lakini maji yakiwa machache, jicho lachungulia katika ukungu mwembamba, na X hukawia kupotea. Kumbe wakati mwingine kinachobadilika si kile unachokipima, bali ni dirisha unalokitazamia.

Likizo ilipofika nilimpelekea babu picha hiyo. Alicheka, kisha akaanza kunisimulia habari za malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma, na ambayo mabaki yake yangalipo sehemu mbalimbali za Ufipa. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari zake tangu mwaka 1937, na mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ilikoma katika karne ya 20, vyuma vya madukani vilipoenea. Babu aliisikia kwa baba yake.

Tanuri la malungu lilimzidi mtu kwa urefu, nalo halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini, ikapanda kwa nguvu ya joto. Ndani yake makaa yaliyoungua kwa hewa haba yalitoa monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo iliyolinyang'anya jiwe oksijeni yake, chuma kikabaki. Moto ukiwa hafifu, takataka za mawe hazitiririki. Hewa ikizidi pasipostahili, chuma kilichokwisha kupatikana hurudi kuungua. Kilichotoka kikasafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, lililotumia mivukuto. Watu wale hawakuwa na kipimajoto wala saa ya sekunde. Nilimwuliza babu, “Sasa walijuaje?”

Akajibu, “Mjukuu wangu, aliyekesha na moto akiona umebadilika rangi hawezi kujidanganya kwamba haukubadilika. Akijidanganya, asubuhi atakuta mawe.”

Nilinyamaza. Babu hakuwa na habari ya daftari langu.

Siku hizi karatasi ile ya manila imebandikwa ukutani mwa maabara, karibu na kabati la vyombo ambavyo mwenzangu anaendelea kuvitunza. Na juu ya kila ukurasa wa jaribio, kabla ya kuandika neno jingine lolote, sisi wa meza ile huandika saa, nyuzi za chumba, na hali ya mwanga. Wengine wameanza kutuiga.

Wenzangu wa vidato vya chini, nanyi mtaingia maabara asubuhi ya baridi, na namba zenu zitakataa kufanana na za kitabu au za jirani. Msizifute. Kwanza ulizeni kipimajoto. Huenda namba hiyo haikukosea kitu. Huenda yawaambia tu kwamba mko Ufipa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne