Paka Aliyekuwa na Kwao

Hapa kwetu Rutshuru anayetaka paka huomba mtoto wa paka kwa jirani, tena mchanga kabisa. Paka mzima hakubaliki: husemwa hafundishiki, na siku moja atarudi alikotoka. Nyumba ya kuwatunzia paka waliokosa wenyewe hatuna. Makao ya wanyama tunayoyajua ni Senkwekwe, pale Rumangabo, wanakolelewa gorila wa milimani walio yatima. Mmoja wao, Ndakasi, aliokolewa mwaka 2007 akiwa na miezi miwili hivi. Mwezi wa Septemba 2021 alifia mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Hao waliletwa wachanga. Paka wangu alikuja mzima.

Oktoba 2022, vita vilipofika Rutshuru na Kiwanja, majirani zangu walikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, wakiwa na godoro, sufuria na watoto. Paka hakushikika. Sisi tuliobaki tulimsikia kila jioni akilia juu ya bati la nyumba iliyofungwa.

Nilimchukua, nikamfungia chumbani majuma matatu ili aizoee nyumba. Ndivyo wazee washaurivyo, na ni shauri jema. Alijificha uvunguni, akala usiku tu. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu alilikataa jembe hata mwezi wa pili, panya wakicheza ghalani! Nilipomwita kwa jina nililompa, aligeuza sikio moja.

Sikuona vibaya. Mtoto wa paka humpenda amlishaye kwa kuwa hajui mwingine. Mzima huja na kumbukumbu zake: sauti fulani, saa ya kula, mahali pa kulala. Vita ndivyo vilivyomleta kwangu, wala hana deni nami. Hata watu tunaowapokea majumbani, mara nyingi twawadai shukrani kabla hawajapata usingizi.

Miezi ilipopita, jirani alipiga simu. Aliuliza habari za mlango, kisha za bati, kisha za shamba. Mwanawe akampokonya simu.

“Shangazi, paka wetu anakula?”

Nikamjibu kwamba anakula ugali na ndagala. Akauliza kama bado analala juu ya gunia la maharagwe, karibu na jiko.

Jioni ile nililitoa gunia ghalani, nikaliweka kando ya jiko.